Jamaa Aliyekaa Kwenye Kiti cha Jim

(Nimeandika kama nilivyoongea Jumamosi, nimepunguza tu zile "eeh" na "yaani" zangu, sio zote.)

Shikamooni wakubwa mliokaa mbele, na nyie wa nyuma mliosimama mlangoni mambo vipi, sogeeni ndani bwana nafasi ipo, hapa pembeni kuna viti viwili havina mtu. Haya. Nilipanga nianze kwa kuwaonesha kipande cha video lakini projekta yetu leo imenuna, fundi anahangaika nayo pale na waya zake, kwa hiyo acha niongee tu, ikiwaka tutaangalia, isipowaka mtaenda kutafuta wenyewe kwenye simu zenu.

Waandaaji waliniambia niongelee safari ya msanii wa vichekesho. Nikawaambia sawa ila sitamtaja mtu wa hapa, mana nikimtaja wa hapa nusu ya ukumbi watanuna na nusu nyingine watasema nimelipwa. Nimemleta jamaa wa mbali, Mmarekani mwenye asili ya Korea, anaitwa Randall Park. Nani anamjua? Mikono mitatu. Haya, nani kaangalia ile tamthilia ya WandaVision? Enheee. Yule ajenti wa FBI mpole mpole anayetoa kitambulisho chake kwa mazingaombwe, Jimmy Woo, ndo yeye. Na ile filamu ya 2014 iliyosababisha kompyuta za Sony kudukuliwa, ile ya waandishi wawili wanaotumwa kumuua Kim Jong-un, aliyecheza Kim ndo huyo huyo. Mnaona sasa, sura mnaijua, jina ndo hamlijui. Na hapo ndo utamu wa hii stori ulipo, mana huyu mtu kaishi hivyo karibu maisha yake yote ya kazi.

Acha niwasimulie hicho kipande ambacho projekta imewanyima. Kuna tamthilia ya ofisini, The Office, ya Marekani. Ndani yake kuna jamaa anaitwa Jim, mzungu mrefu, kazi yake kubwa ni kumchokoza mwenzake Dwight. Mwaka 2012, msimu wa tisa, siku moja Dwight yuko mezani kwake asubuhi, anaingia mtu mwenye sura ya Kiasia, anaweka begi, anakaa kwenye kiti cha Jim. Dwight anamuuliza we nani. Anajibu, mimi Jim. Dwight anamwambia wewe sio Jim, Jim sio Muasia. Na jamaa, bila kupepesa, anamjibu kitu cha maana hii: kumbe miaka yote hii hujawahi kugundua? Hongera sana kwa kutoangalia rangi ya mtu. Dwight anakaza, anamuuliza mauzo ya jana, jamaa anayajua. Anakuja Pam, mke wa Jim, wanapeana busu. Dwight anaona picha ya familia ya mezani, watoto nao Waasia. Mtu anachanganyikiwa mpaka unamuonea huruma.

Huyo aliyekaa kwenye kiti ndo Park. Kwenye hadithi yenyewe ni mwigizaji rafiki yao, wamemuomba aje kumtania Dwight wakati Jim kaenda kwa daktari wa meno. Ni kipande kifupi mno, unaweza ukakiangalia chai ikiwa bado ya moto. Lakini angalieni kichekesho kimekaa wapi. Hatumcheki kwa sababu ni Muasia. Hafanyi sauti ya ajabu, hakunji macho, harushi teke. Anachofanya ni kuwa mtu wa ofisini aliyechoka choka asubuhi, basi. Tunayemcheka ni Dwight. Mi nimekiangalia mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya mama yangu aliyeko hapa, na kila mara naangalia mabega ya Park, yametulia kama ya mtu aliyekaa kwenye hicho kiti miaka saba.

Sasa ili mwone ugumu wa hicho kitu kumbukeni sisi wenyewe. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, Muasia kwenye skrini alikuwa ni nani? Alikuwa Bruce Lee, Jackie Chan, steringi hafi, na Lufufu anatafsiri juu kwa juu na kuongeza chumvi yake. Muasia wa kukaa ofisini na kutuma barua pepe hatukumuona. Basi msidhani Hollywood walikuwa mbele yetu sana. Kwao pia alikuwa ama mpiga karate, ama muuza duka, ama daktari anayeleta majibu na kuondoka. Mwaka 1961 walimchukua mzungu, Mickey Rooney, wakambandika meno ya bandia wakamfanya Mjapani, watu wakacheka ukumbi mzima. Mwaka 1994 runinga ya ABC wakajaribu tamthilia ya vichekesho ya familia ya Kikorea ya Margaret Cho, ikapigwa msimu mmoja ikazimwa. Ikapita miaka ishirini, hakuna runinga kubwa iliyojaribu tena familia ya Kiasia kwenye vichekesho vya jioni. Ishirini! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alimaliza chuo.

Park kazaliwa Machi 1974 Los Angeles, wazazi wahamiaji kutoka Korea, baba alikuwa na duka la kusafisha picha, zile za saa moja tayari, mama mhasibu pale chuo kikuu cha UCLA. Wazazi wa namna hii tunawajua, hata kama hatujafika Korea tunawajua. Huendi kumwambia baba mwenye duka la picha kwamba mi nataka kuchekesha watu. Akaingia UCLA, akasoma Kiingereza na uandishi, akaendelea mpaka shahada ya pili kwenye masomo ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Msomi kabisa. Lakini mwaka 1995, bado mwanafunzi, yeye na wenzake wakaanzisha kundi la maigizo pale chuoni, wakalipa jina la kichaa, Lapu, the Coyote that Cares. Msiniulize, ni mambo ya wanafunzi, hata hapa kuna makundi yana majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya hawa wakubwa. Wao hawakusubiri idara ya maigizo iwape nafasi kwenye michezo ya watu wengine, wakaandika ya kwao, wakacheza wenyewe. Mchezo wa kwanza kaandika Park. Na lile kundi lipo mpaka leo, wanafunzi wanaingia na kutoka.

Hilo kundi lishikeni kichwani, ntarudi.

Baada ya chuo hakuna kilichotokea. Nasema kweli, hapa ndo pale ambapo filamu za maisha ya watu huweka muziki na kuruka miaka, ila yeye ilibidi aiishi siku kwa siku. Alikuwa anapanga kurasa kwenye gazeti la New Times LA, alifanya kazi Starbucks, alikuwa na bendi ya hip hop anarapu, alipita kwenye kipindi cha Wild 'N Out cha Nick Cannon, akapata vipande vya tangazo hapa, mstari mmoja pale, muuguzi, mteja, jirani. Miaka inaenda. Thelathini imepita, thelathini na tano hiyo.

Kuna kitu kimoja cha miaka hiyo nakipenda mno, kinaitwa Ikea Heights, 2009. IKEA ni lile duka kubwa la fanicha, ukiingia unakuta vyumba vimepangwa kabisa, kitanda kimetandikwa, jiko lina vikombe, sebule ina kochi na taa. Sasa kuna vijana wakaona, jamani hii si seti tayari? Wakaingia na kamera kwenye IKEA ya Burbank, bila kibali, bila kumwambia mtu, wakaanza kucheza tamthilia ya mapenzi na visasi, ile nzito ya machozi, humo humo dukani na wateja wanapita. Mtu analia kwamba mke wake kamsaliti, nyuma ya kichwa chake inaning'inia bei ya kabati. Wanandoa wanagombana kitandani, bibi mmoja anapita anasukuma toroli anawaangalia. Park alikuwemo. Halafu wakawa wanapeleka vipande kwenye Channel 101, hiyo ni shindano la Los Angeles, watu wanaangalia video fupi ukumbini wanapiga kura ipi iendelee mwezi ujao, ikikosa kura imekufa. Hakuna mshahara. Na ujue mtu huyu wakati huo ana miaka 35, ana shahada ya pili, anajificha mlinzi asimuone kwenye kitanda cha dukani.

Mnacheka, lakini ninyi mnaolalamika hamna seti mmeshawahi kwenda kuangalia yale maduka ya masofa barabarani? Sijasema mwende. Sijasema.

Baadaye ndo vikaanza kuja vya mshahara. Kwenye tamthilia ya Veep akawa gavana wa Minnesota, Danny Chung, mwanasiasa mwenye uchu. Kukawa na The Office niliyowaambia. Halafu 2014 madairekta Seth Rogen na Evan Goldberg wakampa Kim Jong-un kwenye The Interview. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kumfanya katuni, na filamu nzima sio kitu cha kuangalia na mama mkwe. Ila yeye alimuanza kama mtu mwenye aibu. Kim wake anamuona yule mtangazaji wa runinga anayempenda, anatetemeka kama shabiki, anauliza maswali ya kitoto, anasikiliza Katy Perry kwenye kifaru. Unaanza kumpenda kidogo, na hapo ndo anapokugeuka. Mwigizaji mwingine angefoka mwanzo mwisho.

Mnajua yaliyofuata. Novemba 2014 Sony wakadukuliwa, barua pepe za mabosi zikamwagwa hadharani, vikaja vitisho kwa majumba ya sinema, majumba yakaogopa, Sony wakafuta uzinduzi, Obama akasema hadharani walikosea kufuta, wakageuka tena, ikatoka mtandaoni siku moja kabla ya Krismasi na kwenye sinema chache Krismasi yenyewe. Dunia nzima inaongelea filamu, ikulu inaongelea filamu, na aliyecheza Kim anaweza akaenda sokoni kununua vitunguu asijulikane.

Wiki sita baadaye, Februari 4, 2015, ABC wakarusha Fresh Off the Boat. Jina lenyewe ni kejeli ya mhamiaji, yule mshamba aliyeshuka melini jana. Familia ya Kitaiwani inahama Washington kwenda Orlando, baba kafungua mgahawa wa nyama choma wa mtindo wa kikauboi. Park ndo baba, Louis. Ana miaka 40, imebaki mwezi na nusu afike 41. Hadithi inaanza mwaka 1995, yaani mwaka uleule ambao yeye alikuwa anaandika mchezo wa chuo. Sidhani kuna mtu alipanga, ila mi napenda.

Hapa kuna jambo la kusimama kidogo. Hadithi ilitokana na kitabu cha maisha ya Eddie Huang, na baba yake Eddie ni Mtaiwani. Park ni Mkorea. Park mwenyewe akawa na wasiwasi, akamfuata Eddie akamwambia huenda hii nafasi wampe Mtaiwani. Eddie akamwambia baki. Fikirieni, mtu kasubiri miaka ishirini, mlango umefunguka, na yeye anasimama mlangoni anauliza jamani hii nyumba ni yangu kweli? Mi ningeingia na viatu. Na Eddie huyohuyo baadaye akaja kuilalamikia tamthilia hadharani, kwamba wameilainisha mno haifanani tena na maisha yake, na kwa kweli ukisoma maisha aliyoyaandika unaona ana hoja, baba wa kwenye runinga ni mpole kuliko wa kwenye kitabu. Lakini ndo ikaenda misimu sita, vipindi 116, mpaka Februari 2020.

Halafu lafudhi. Louis anaongea kwa lafudhi, na Park hana lafudhi ile, kazaliwa Los Angeles. Watu wakauliza, si ndo yaleyale? Nijibu kwa kitu changu. Mi Msukuma, mnanijua. Miaka ya nyuma nilienda odisheni moja, sitaitaja ya nani, nikasoma skripti yangu vizuri, dairekta akanikatisha, akasema hapana, ongea kishamba zaidi, si we Msukuma, basi tuoneshe Usukuma. Nikauliza, kwani huyu mhusika anafanya nini? Akasema, hafanyi kitu, ndo kichekesho chenyewe. Yaani kazi yangu ilikuwa niwe Msukuma na nisubiri watu wacheke. Nilifanya, mana nilikuwa na njaa, na hiyo video ipo na msiitafute. Sasa mwangalieni Louis. Ana lafudhi, lakini pia ana deni, ana mgahawa haupati wateja, ana mke anayemzidi akili na anajua kwamba anamzidi, anachezwa na Constance Wu yule, hatari. Kichekesho kinatoka humo. Toa lafudhi, kichekesho bado kipo. Kwangu mimi ukitoa lafudhi palikuwa hapabaki kitu, hata mimi sibaki.

Haya, sasa lile kundi la chuo.

Miaka kadhaa baada ya Park kumaliza, binti mmoja akaenda kusoma UCLA akaingia lile lile kundi la jina la kichaa. Anaitwa Ali Wong. Ndio, yule aliyepanda stejini na mimba kubwa mwaka 2016 akawavunja mbavu watu Netflix. Kabla hajawa staa alikuwa anaandika kwenye Fresh Off the Boat. Wakawa marafiki wa kutaniana miaka na miaka, kwamba siku moja tucheze filamu yetu ya mapenzi. Mwaka huo 2016 Ali akahojiwa na jarida la New Yorker akaropoka hilo wazo, watu mtandaoni wakalidaka, iko wapi, tunaitaka. Haikuwepo! Ilikuwa utani wa marafiki. Ikabidi waiandike. Waliandika watatu, Ali, Park na Michael Golamco, naye mtu wa kundi lilelile la chuo. Dairekta akawa Nahnatchka Khan, yule yule aliyeitengeneza Fresh Off the Boat. Mei 2019 ikatoka Netflix, Always Be My Maybe.

Park ndani yake ni Marcus, anafunga mashine za kupoza hewa na baba yake San Francisco, bado analala chumba cha utotoni, na ana bendi ya hip hop ambayo haijatoka mtaani. Ile bendi yake ya ujanani mnaikumbuka? Aliitoa kabatini. Jina la bendi ya kwenye filamu, Hello Peril, ni utani wa ule msemo wa zamani, Yellow Peril, wa wazungu kuogopa watu wa njano kutoka mashariki. Na nyimbo kaandika na kurapu mwenyewe, Dan the Automator kapiga biti. Kuna moja anaimba jinsi alivyompiga ngumi Keanu Reeves, mana Keanu kaja kucheza Keanu, anakula chakula huku kavaa hedifoni anasikiliza sauti ya mnyama anayemla. Mi hapo nilisimamisha video nikanywa maji.

Lakini kinachonishika mimi ni sufuria. Mwanzoni kabisa mama yake Marcus anamfundisha mtoto wa jirani, Sasha mdogo ambaye wazazi wake wako dukani muda wote, kupika kimchi jjigae, ule mchuzi wao mwekundu wa kabichi. Yule mama anafariki mapema. Miaka inapita, Sasha kawa mpishi mkubwa wa mahoteli ya kifahari, sahani kubwa chakula kidogo, na mwisho anakuja kufungua mgahawa wa vyakula vya yule mama, akauita kwa jina lake. Hakuna anayekuja kumuelezea mzungu kimchi ni nini. Kinapikwa, kinaliwa, hadithi inaendelea. Bibi yangu hajui Korea iko upande gani, nilimuonesha kile kipande cha jikoni akasema huyo mama anajua kulea.

Mwaka huohuo wakafungua kampuni, Imminent Collision, Park na Golamco na mwenzao Hieu Ho. Mwaka 2023 ndo Park akakaa nyuma ya kamera, filamu yake ya kwanza ndefu kama dairekta, Shortcomings, ikaanzia tamasha la Sundance Januari, Agosti ikaingia sinema. Ikaingia katikati ya mgomo wa waigizaji, kila kitu kimesimama, na haikuleta hela nyingi. Lakini mnajua kachagua nini? Baada ya miaka yote ya kucheza watu wapole wanaopendeka, kachagua hadithi ya Adrian Tomine kuhusu Ben, meneja wa jumba la sinema kule Berkeley, mtu mbinafsi, mkorofi, analalamika kila kitu, anamuumiza mpenzi wake, hajirekebishi vizuri hata mwisho. Filamu inaanzia ukumbini, Waasia wanapiga makofi kwa filamu ya matajiri Waasia waliovaa vizuri, wanalia kwa furaha, na Ben kakaa pale kanuna. Park anajua kabisa yeye mwenyewe ni sehemu ya zile filamu za kupigiwa makofi. Kajichokoza mwenyewe. Na kusema ukweli sio filamu rahisi kuipenda, mke wangu aliiacha katikati akasema huyu Ben anamfahamu, wanafanya naye kazi.

Enhe? Imewaka? Fundi anasema imewaka, hongera zake. Jamani zimeni hizo taa za mbele, na huyo wa dirishani vuta pazia. Tunaanza na kile cha kiti cha Jim. Msimwangalie Dwight mara ya kwanza, najua mtacheka naye, mwangalieni Park anavyoweka begi chini kabla hajakaa. Halafu tutarudisha nyuma tuangalie tena.